Nguruwe waliorudi mwitu Texas: je, nyama yao ni chakula cha kutegemewa?

Mkaazi wa Brazos (Texas, Marekani)

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Mbeya, na huu ni mwaka wa tisa naishi Texas, katika kaunti ya wakulima kando ya Mto Brazos. Jirani yangu ni mzee anayelima mahindi na mtama, na kila msimu wa kupanda shamba lake huvamiwa na nguruwe. Nasita kuwaita nguruwe pori, kwa sababu hawafanani na wale wa kwetu, wala si ngiri. Asili ya hawa ni zizini. Wahispania waliwafikisha nguruwe Florida mwaka 1539, walowezi waliokuja baadaye wakawa wanawaachia wa kwao wajitafutie chakula msituni, na katika miaka ya 1930 baadhi ya wenye mashamba makubwa hapa Texas wakaleta nguruwe mwitu wa Ulaya kwa ajili ya kuwinda, wote wakachanganyika. Mimi nimezoea kuwaita watoro, na naomba mniruhusu nitumie jina hilo.

Mwezi uliopita mzee alinipeleka kuona shamba alilokuwa amelipanda siku nne kabla. Nilitarajia kukuta vurugu, kumbe kazi ilikuwa imefanywa kwa utaratibu wa kutisha: watoro walikuwa wamefuata mstari mmoja baada ya mwingine, kila penye mbegu pana kishimo cha pua, mbegu imeshatolewa, kisha hatua moja mbele kishimo kingine, hivyo hivyo hadi mwisho wa shamba. Kando ya kijito udongo ulikuwa umefukuliwa hadi kina cha goti na maji yamegeuka tope. Mzee huwapiga risasi kila anapowakuta, kisha huwaburuta kwa trekta hadi bondeni, ambako huliwa na tumbusi. Siku hiyo nilihesabu mizoga saba.

Roho iliniuma, na bado inaniuma. Nimekulia katika nyumba ambamo nyama ilipikwa Krismasi, Pasaka na siku alipokuja mgeni wa heshima, na mama aligawa vipande kwa kuhesabu. Leo nanunua dukani nyama ya nguruwe aliyefugwa ndani ya banda maisha yake yote, akalishwa mahindi yaliyolimwa kwa mbolea na maji mengi, ilhali umbali wa kilomita moja kutoka kwangu nyama inaoza bondeni. Mzee ameniambia nichukue nyingi kadiri ninavyotaka. Je, ndugu zangu, ni sahihi kuihesabu nyama hii kuwa chanzo endelevu cha chakula, ambacho familia kadhaa za kanisani kwetu zinaweza kukitegemea mwaka hadi mwaka? Naweza kuigawa, au hata kuiuza? Na mtu ambaye hakuzaliwa mwindaji aanze vipi bila kujidhuru yeye na watoto wake?

Bwana Mifugo Mstaafu (Mpwapwa, Tanzania)

Kijana wangu, uchungu wako naufahamu, na mimi pia sipendi kuona nyama ikitupwa. Hata hivyo naomba nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloweza kukuua.

Nimekagua nyama kwa miaka mingi, na watu wengi hudhani kazi ya mkaguzi huanza mnyama akishaning'inizwa. Nusu ya kazi hufanyika mnyama akiwa hai: unamtazama anavyotembea, anavyopumua, kama anatokwa na majimaji puani, kama anajitenga na wenzake. Baada ya kuchinja ndipo unapasua tezi za shingoni na za mapafu, unaligeuza ini na kulikata, unaukata moyo, unatazama figo na bandama. Mnyama aliyepigwa risasi gizani kwa umbali wa mita mia moja amekunyima ule ukaguzi wa kwanza wote. Hujui alikuwa katika hali gani dakika tano kabla ya kufa.

Ugonjwa unaonitia hofu zaidi ni ule tunaouita wa kutupa mimba, yaani brusela. Nguruwe waliorudi mwitu huko Marekani wanajulikana kuubeba, na mtu huupata si kwa kula tu bali kwa damu na majimaji ya uzazi kugusa mkono wenye mchubuko au kurukia jicho. Dalili zake ni homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi usiku, maumivu ya viungo na uchovu usioisha. Mwenzangu mmoja kazini alitibiwa malaria mara nne katika zahanati mbili tofauti kabla ya mtu yeyote kuuliza anafanya kazi gani. Alipopimwa brusela alikuwa ameshakonda nusu ya mwili wake, na maumivu ya nyonga hayakumwacha tena. Kwa hiyo ukimpasua mnyama huyo, vaa glavu za mpira na miwani, usikate kizazi wala kende ovyo, osha mikono kwa sabuni mara umalizapo, na matumbo uyafukie au uyachome moto. Usiwatupie mbwa.

La pili ni trikinela, minyoo midogo inayojificha ndani ya msuli. Hapa naomba uwe makini sana kwa sababu desturi zetu zinaweza kukudanganya. Nyumbani tunabanika nyama, tunaikausha kwa moshi, tunaitia chumvi, na tunaamini imeshakuwa salama. Kwa minyoo hii moshi, chumvi na kukausha havitoshi, na hata kugandisha kwenye friza si kinga ya kuaminika kwa nyama ya mwitu, kwa sababu baadhi ya aina zake huvumilia baridi. Kinachoaminika ni moto: nyama ifike nyuzi 71 za Selsiasi katikati ya kipande kinene, ipimwe kwa kipimajoto na si kwa kutazama rangi.

Kuhusu kuuza, jibu langu ni hapana. Nyama isiyo na muhuri si bidhaa, awe ameifunga nani na kwa karatasi nzuri kiasi gani.

Na kuhusu kuitegemea mwaka hadi mwaka, wewe unatoka Mbeya, bila shaka unaijua homa ya nguruwe. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza na madaktari wa mifugo nchini Kenya mwaka 1921. Ngiri wetu hukaa nao bila kuugua, lakini nguruwe wa kufugwa hufa karibu wote. Mwaka 2007 uliingia nchi ya Georgia, ukasambaa Ulaya Mashariki kupitia mizoga ya nguruwe mwitu na mikono ya watu, ukafika Ubelgiji mwaka 2018 na Jamhuri ya Dominika mwaka 2021. Siku utakapokanyaga Texas, hao watoro wako hawatakuwa tena chakula. Watakuwa hatari inayotembea, na kuwinda kwa kuwasambaratisha kutakuwa kosa. Chakula kinachoweza kufungwa na serikali kwa siku moja usikijengee mipango ya familia.

Mtegaji wa Llano (Texas, Marekani)

Shikamoo mzee, nimesoma maneno yako mara mbili na sina la kupunguza. Naongeza moja tu kuhusu usalama. Ipo sumu ya warfarini iliyosajiliwa na serikali kuu ya Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya nguruwe hawa, na watengenezaji waliitia rangi ya buluu inayoingia kwenye mafuta ya mnyama. Ndugu wa Brazos, ukichuna ngozi ukakuta mafuta ya buluu, acha hapo hapo, fukia mzoga, na umwarifu jirani. Vilevile kata na utupe nyama yote iliyozunguka jeraha, kwa sababu risasi iliyotengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, hupasuka vipande vidogo sana ambavyo macho hayavioni na ulimi hauvisikii.

Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Nakuru, na kwa miaka sita nimefanya kazi ya kutega nguruwe hawa kwa niaba ya wenye mashamba. Nataka niseme jambo kuhusu idadi, kwa kuwa neno "endelevu" lina hesabu ndani yake. Makadirio yanayotumika sana hapa Texas ni watoro milioni 2.6, na wamekwisha kuenea karibu katika kaunti zote 254. Jike hubeba mimba siku 115 hivi, huzaa kwa wastani watoto wanne hadi sita, na anaweza kupata mimba ya kwanza kabla ya kutimiza mwaka. Wataalamu wa hapa wanakadiria kwamba ili idadi isimame pale ilipo, bila hata kupungua, inabidi karibu theluthi mbili ya wanyama wote waondolewe kila mwaka. Sheria imelegezwa sana kwa ajili hiyo: tangu mwaka 2011 hata mwindaji wa kawaida anaruhusiwa kulipia nafasi kwenye helikopta na kuwapiga kutoka angani, na tangu 2019 hauhitaji leseni ya uwindaji kuwaua katika ardhi ya mtu binafsi kwa idhini yake. Pamoja na hayo yote bado wapo.

Sababu mojawapo ni bunduki yenyewe. Kundi la watoro ni majike ya ukoo mmoja pamoja na watoto wao, na madume makubwa hutembea peke yao. Ukipiga wawili katika kundi la ishirini, umepata nyama ya kutosha friza yako, lakini kumi na wanane waliobaki wamejifunza. Watahamia shamba la pili, watatoka usiku wa manane badala ya magharibi, na mwaka ujao utawatafuta kwa shida. Sisi tunatega kundi zima kwa pamoja. Unajenga boma la duara kwa paneli za chuma, unaacha lango wazi, na unaweka chambo wiki mbili au tatu bila kumgusa yeyote. Chambo chetu ni mahindi yaliyolowekwa ndani ya ndoo iliyofunikwa na kuachwa juani mpaka yakachacha. Mtu aliyekulia karibu na wapishi wa busaa ataitambua harufu hiyo kabla hajafika. Swala wa hapa hawaipendi, nguruwe wanaifuata kutoka mbali. Kuna kamera inayokutumia picha kwenye simu, nawe unakaa kitandani ukihesabu: kumi na tano wameingia, majike wawili wazee bado wamesimama nje wanasitasita. Hauangushi lango. Unasubiri kesho, na keshokutwa, hadi wale wawili nao waingie.

Hapo ndipo penye njia halali ya nyama kufika sokoni. Mtoro aliyekamatwa hai hupelekwa kwenye kituo cha kununulia kilichosajiliwa na mamlaka ya afya ya wanyama ya jimbo, na kutoka hapo hadi machinjio yenye mkaguzi wa serikali, ambako hukaguliwa akiwa hai na baada ya kuchinjwa, kama alivyoeleza Bwana Mifugo. Nyama ya mnyama uliyempiga mwenyewe porini unaweza kuila na familia yako, lakini kuiuza hairuhusiwi. Nasikia watu wakilalamika kwamba sheria hii inawaonea wawindaji wadogo, nami sikubaliani nao. Mahali pengine mkaguzi hufuatana na wapigaji: huko kisiwa cha Maui, Hawaii, paa wa kigeni wanaoharibu malisho huwindwa usiku kwa darubini zinazoona joto, na mkaguzi wa serikali yupo pale pale porini. Ni gharama kubwa, lakini inaonyesha kwamba muhuri unaweza kumfuata mnyama alipo.

Nimalizie kwa Tennessee, maana kila anayeuliza swali kama lako namwambia habari hii. Hadi miaka ya 1990 nguruwe hao walikuwa katika kaunti chache za jimbo lile. Mwaka 1999 serikali ya jimbo ikafungua uwindaji kila mahali, bila kikomo cha idadi, ikidhani wawindaji watawamaliza. Wawindaji walipenda mchezo, na wakapenda nyama, basi baadhi yao wakaanza kuwabeba nguruwe usiku kwa malori madogo na kuwaachia katika misitu ambayo haikuwa nao, ili wapate wa kuwinda karibu na nyumbani. Kufikia mwaka 2011 walikuwa wameenea katika sehemu kubwa ya jimbo, na ndipo mamlaka ikawaondoa katika orodha ya wanyama wa kuwindwa na kuwaweka katika waharibifu. Missouri nayo mwaka 2016 ilipiga marufuku kuwawinda katika ardhi zinazosimamiwa na idara yake ya uhifadhi, kwa sababu bunduki za wawindaji zilikuwa zikivuruga kazi ya mitego.

Mwana wa Uvira (New South Wales, Australia)

Wapendwa, amani kwenu. Habari ya Tennessee imenigusa kwa sababu hapa Australia nimeona jambo la namna hiyo hiyo kwa macho yangu, ila kwetu ni mbuzi na halikufanyika gizani.

Nilipofika nchi hii kama mkimbizi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa machinjioni, na nilikaa hapo miaka minne. Sikuwahi kuona mbuzi kama wale. Walishushwa kwenye malori ya ghorofa, rangi zote zimechanganyika, weusi, weupe, wa kahawia wenye mabaka, madume wana pembe zilizopinda kama parafujo na harufu inayokaa kwenye nguo siku mbili. Wengi hawakuwa wamewahi kuguswa na mkono wa mtu. Ukiingia ndani ya boma hawasogei taratibu kama mbuzi wa nyumbani, wanakupanda kifuani.

Mbuzi waliletwa huku na meli za kwanza za walowezi mwaka 1788. Mabaharia, wachimba madini na wajenzi wa reli walitembea nao kwa ajili ya maziwa na nyama, kisha wakawaacha walipohama. Leo wamejaa katika nchi kavu ya magharibi mwa New South Wales, sehemu za Cobar, Bourke na Broken Hill, na kupanda hadi Queensland. Wanavyokamatwa kunapendeza kutazama. Katika nchi ile maji ni machache, basi mwenye shamba anazungushia uzio birika au bwawa, na kwenye uzio anaweka lango la nondo mbili mbili zinazoelekea ndani na kukaribiana nchani. Mbuzi mwenye kiu anasukuma kwa kifua, nondo zinaachia, anaingia na kunywa. Akitaka kutoka anakutana na ncha. Wengine husombwa kwa pikipiki, mbwa na ndege ndogo. Hakuna risasi, kwa hiyo wanafika machinjioni wakiwa hai na mkaguzi anawaona. Kwa njia hii Australia imekuwa nchi inayouza nje nyama ya mbuzi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na sehemu kubwa ya nyama hiyo huenda Marekani.

Sasa ndugu wa Brazos, sikiliza kilichofuata. Bei ilipanda mwaka hadi mwaka, na karibu na mwaka 2020 kilo moja ya nyama ilipita dola 9 za Australia. Mfugaji ambaye baba yake aliwahesabu mbuzi kuwa balaa linalomaliza majani ya kondoo, yeye akaanza kuwaonea huruma. Alipowakamata aliuza madume na kuwarudisha porini majike wachanga ili wazae. Wengine wakajenga uzio mzima wa kuwafugia na kuleta madume ya Boer, aina ya mbuzi wa nyama kutoka Afrika Kusini, ili kuboresha nyama. Hata jina likabadilika: vyombo vya biashara viliacha kuwaita mbuzi mwitu, vikawaita mbuzi wa nyandani, jina lisilo na lawama. Kisha bei ikaporomoka, na mwaka 2023 ikawa chini sana kiasi kwamba kuwasomba hakukulipa. Lori na mafuta viligharimu kuliko mbuzi. Basi mbuzi wakaachwa, wakazaana, na majani na miche ya miti ya asili ikaliwa kama zamani.

Mimi sisemi kwamba biashara ile ni mbaya. Imelisha watu, imelipa karo za watoto wangu. Nasema kwamba mtu anapoanza kuitegemea nyama ya mtoro, anaanza pia kutamani mtoro asiishe, na hayo mawili hayakai nyumba moja. Ukiniambia unataka chakula cha kudumu kutoka kwa mnyama huyu, umeniambia unataka mnyama huyu adumu. Je, ndivyo anavyotaka mzee jirani yako?

Upande wa pili wa jambo hili ni ngamia. Ngamia wa kwanza alishushwa hapa mwaka 1840, na baadaye maelfu waliletwa pamoja na waongozaji wao Waislamu kutoka Afghanistani na Bara Hindi, watu waliobeba sufu, maji na nguzo za simu katikati ya jangwa. Magari yalipoingia miaka ya 1920, ngamia hawakuwa na kazi, wakaachiwa. Kati ya mwaka 2009 na 2013 serikali iliendesha mpango wa kuwapunguza, wakaondolewa takriban 160,000, wengi wao kwa kupigwa kutoka helikopta na kuachwa walipoanguka. Januari 2020, wakati wa ukame mkali, zaidi ya 5,000 waliuawa kwa siku tano katika ardhi ya wenyeji wa asili kaskazini magharibi mwa jimbo la Australia Kusini, kwa sababu walikuwa wakivamia vijiji kutafuta maji, wakivunja mabomba, na kufia ndani ya visima vya miambani ambavyo kwa wenyeji ni vitakatifu. Ndugu zetu Wasomali hapa mjini walihuzunika mno kusikia, kwani kwao ile ni nyama bora kuliko zote. Lakini kutoka pale hadi machinjio ni mamia ya kilomita za njia ya vumbi, na ngamia aliyedhoofika kwa kiu hawezi kubebwa umbali huo bila kuteswa. Mahali pengine nyama hupotea kwa sababu ya jiografia tu.

Binti wa Tanga (Ohio, Marekani)

Assalamu alaikum na habari zenu. Nguruwe si chakula changu na sitasema lolote juu yake, ila habari ya mbuzi imenishtua. Nimekwenda sasa hivi kutazama kwenye friza: boksi la nyama ya mbuzi iliyokatwa vipande vidogo kwa msumeno, mifupa imo, muhuri wa halali, na chini yake imeandikwa imetoka Australia. Ndiyo tunayonunua hapa Columbus kila mwezi, na ndiyo iliyopikwa pilau ya Idi. Miaka yote hii nikiwalaumu kwamba mbuzi wao ni mgumu na anataka saa nzima zaidi jikoni, kumbe ametembea jangwani.

Kwa kuwa wapo Waislamu wanaosoma, naomba niseme jambo nililofundishwa na babu yangu. Mnyama wa kufugwa akitoroka akawa hashikiki, hukumu yake huwa kama ya windo. Asili yake ni hadithi ya Rafi bin Khadij iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo ngamia alikimbia, mtu mmoja akamzuia kwa mshale, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akawaambia kwamba wanyama hao wana utoro kama wa wanyama wa mwitu, na anayewashinda wamfanyie vivyo hivyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya mwambao wetu, hivyo ndivyo inavyofuatwa, ingawa Imamu Malik alikuwa na rai nyingine. Lakini hukumu hiyo ni kwa asiyeshikika. Mbuzi wa Mwana wa Uvira akishaingia uzioni na lango likamzuia, ameshashikika, na lazima achinjwe kooni kama mbuzi mwingine yeyote. Mambo ya risasi na bunduki waulizeni masheikh wenu, msichukue kwangu.

Mkaazi wa Brazos

Nawashukuru nyote, na nisameheni kwa kukaa kimya wiki tano. Mzee wa Mpwapwa, shikamoo. Nilikuwa na jambo la kufanya kabla sijajibu.

Kwanza nilipeleka maneno ya Mwana wa Uvira kwa mzee jirani. Nilimuuliza kama angependa watoro wabaki wachache, wa kutosha familia zetu. Alivua kofia, akatazama shamba, akaniambia kwamba anataka afe akiwa hajamwona hata mmoja tena. Basi nikajua kwamba mpango niliokuwa nao kichwani, wa familia sita kupangiwa zamu za nyama kwa mwaka mzima, ulikuwa mpango dhidi ya mwenyeji wangu. Niliufuta. Tumekubaliana kwamba tutawaondoa kadiri tunavyoweza, na kile kinacholika katika kazi hiyo kiliwe, mpaka kazi iishe.

Tulikodi boma la chuma kutoka kwa mtegaji wa kaunti ya jirani. Mahindi niliyachachusha mwenyewe nyuma ya gereji, na mke wangu akasema nyumba inanuka kama kilabu cha pombe. Usiku wa kumi na tisa lango liliangushwa, wakaingia kumi na mmoja. Tisa walibebwa wakiwa hai hadi kituo cha kununulia, na fedha alipewa mzee kama fidia ya mbegu zake. Wawili vijana, wa kilo arobaini hivi kila mmoja, tuliwachinja sisi. Nilivaa glavu na miwani kama nilivyoagizwa. Wa kwanza alikuwa safi. Wa pili ini lake lilikuwa na madoadoa meupe na makovu, nikapiga picha nikamtumia Bwana Mifugo, na jibu lake la maneno matatu nimelihifadhi: "Fukia mwili wote." Tulifukia mnyama mzima, kina cha mita moja na nusu, na nakiri kwamba mikono ilikuwa mizito.

Yule wa kwanza tulimpika Jumapili pamoja na familia mbili. Hana mafuta mengi kama kitimoto tuliyoizoea, na nyama yake ni nyekundu zaidi, inataka moto wa polepole na vitunguu vingi. Kipimajoto kilisoma 78 kabla hatujapakua.

Bwana Mifugo Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Ulifanya vema kufukia. Yale madoadoa huenda yalikuwa njia za minyoo tu, na mkaguzi mwenye maabara pengine angeliondoa ini na kuupitisha mwili. Lakini wewe huna maabara, na picha ya simu si ukaguzi. Umesema waliingia kumi na mmoja. Je, kundi lilikuwa la kumi na mmoja?

Mkaazi wa Brazos

Hapana, mzee. Kamera ilikuwa imehesabu kumi na watatu kwa siku kadhaa. Mtegaji hakuwapo usiku ule, mimi ndiye niliyekuwa na simu, na sikuwa na subira. Majike wawili wazee walikuwa nje ya lango nilipobonyeza. Tangu siku hiyo hawajakaribia boma, ingawa nyayo zao zipo kando ya kijito. Tumelihamishia boma upande wa pili wa shamba na kuweka chambo kipya, na mzee amekubali kutofyatua risasi hata moja mpaka wazoee. Jana usiku jike mmoja alifika hadi langoni, akanusa, akarudi nyuma.

Mtegaji wa Llano

Usibonyeze. Mpe wiki tatu nyingine, na ubadilishe ndoo ya mahindi kila baada ya siku tatu ili harufu isife.